Vepu Zilipungua, Nikotini Ikabaki: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Mmoja wa Nairobi

Katika shule moja ya kutwa huko Eastlands, rejista ya nidhamu ilikuwa na habari njema. Muhula wa kwanza, vepu, yaani sigara za kielektroniki, zilizonaswa vyooni na kwenye mabegi zilijaza droo ya naibu wa mwalimu mkuu. Muhula wa pili, baada ya misako ya Jumatatu asubuhi na baada ya wavulana kadhaa kurudishwa nyumbani, droo ilikaa karibu tupu. Bodi ya shule ikaarifiwa kwamba tatizo limedhibitiwa. Wakati huohuo mwalimu wa ushauri nasaha alinipigia simu kuhusu mvulana wa kidato cha tatu ambaye kila siku, kabla ya mapumziko ya chai ya saa nne, alikuwa anaomba ruhusa ya kutoka darasani. Akinyimwa, anawaka. Mwaka uliotangulia hakuwa na hasira hizo.

Nitamwita K. Yeye na mamake walikubali kisa hiki kiandikwe, na nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Mimi ni mtafiti wa afya ya vijana, si daktari, ingawa mama K. aliendelea kuniita daktari hata baada ya kumwambia. Mwishowe nikaacha kubishana naye. Kilichonivuta kwenye kisa hiki ni kwamba, kwa mujibu wa rejista ya shule, K. alikuwa mmoja wa walioacha.

Alivyoanza

K. alianza likizo ya Agosti akiwa kidato cha pili. Binamu yake anayesoma chuo alikuja na vepu ya ladha ya embe kwenye sherehe ya kuzaliwa huko Donholm, ikapita mkono kwa mkono. “Ilikuwa tu ya kubamba, madam,” aliniambia. “Na haikuwasha koo. Fegi nilijaribu kunusa tu nikakohoa. Hii hapana.”

Hilo la kutokohoa ndilo ningependa msomaji alikazie macho, kwa sababu ni kazi ya kemia. Nikotini ikiwa katika hali yake ya kawaida ya kialkali hukwaruza koo, na ukali huo ulikuwa unawazuia wengi wanaojaribu kwa mara ya kwanza. Watengenezaji walipoanza kuichanganya na asidi, kama asidi ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini: laini kooni hata ikiwa nyingi. JUUL, chapa ya vepu, iliingia sokoni Marekani mwaka 2015 na mchanganyiko wa namna hiyo, na leo vepu nyingi za kutumia na kutupa zimefuata njia hiyohiyo. Kifaa alichonionyesha K. kilikuwa kimeandikwa asilimia 5, yaani takriban miligramu 50 katika kila mililita. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya miligramu 20. Anayevuta sigara moja ya kawaida huingiza mwilini kama miligramu moja hadi mbili. Kifaa cha mililita 2 chenye asilimia 5 kinabeba miligramu 100 hivi, na ijapokuwa si yote inayofika kwenye damu, hesabu yenyewe inatosha kueleza kwa nini kijana anaweza kunasa haraka bila kuhisi kwamba amefanya jambo zito. K. alidhani ni mvuke wa maji wenye ladha. Kwenye kisanduku, picha ya embe ilikuwa kubwa kuliko onyo.

Nikotini inayovutwa mapafuni hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20. Ubongo wa kijana wa miaka 16 bado unajengwa, na utaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kujizuia na kupima matokeo. Kwa hiyo tunamwomba K. atumie breki ambazo bado ziko karakana.

Kununua hakukuwa na ugumu. Mwanzoni walikuwa wanachanga, watu watatu kwa kifaa kimoja, kwa sababu bei ya kimoja ilizidi nauli yake ya wiki nzima. Oda ilitumwa kwa WhatsApp, pesa zikalipwa kwa M-Pesa kupitia laini ya binamu, na mtu wa bodaboda akaleta hadi langoni mwa ploti. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Katika mlolongo huo wote hapakuwa na mtu aliyemuuliza umri wake.

Kufikia Desemba alikuwa na kifaa chake mwenyewe. Alikuwa anavuta akiamka, kabla ya kupiga mswaki, halafu akiwa kwenye steji ya Outer Ring Road akingoja matatu. Kuvuta punde tu baada ya kuamka ni dalili ambayo watafiti wa utegemezi huipa uzito mkubwa. Mwili umekaa usiku kucha bila nikotini, nusu ya iliyokuwamo kwenye damu huondoka kila baada ya saa mbili hivi, na asubuhi ndipo deni linapodaiwa.

Msako, na wiki mbili nyumbani

Alinaswa muhula wa kwanza. Vepu ikaingia kwenye droo, K. akasimamishwa masomo kwa wiki mbili. Mama K. anauza nguo za mitumba Gikomba. Hutoka nyumbani alfajiri kuwahi belo zikifunguliwa, na hurudi giza limeingia. Kijana akabaki peke yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana waziwazi na uamuzi wa shule, na naibu anajua. Arosto ya nikotini, yaani mateso ya mwili uliozoea ukiikosa, huanza ndani ya saa chache hadi siku moja baada ya kuacha ghafla, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua polepole kwa wiki tatu au nne. Dalili zake ni hasira, wasiwasi, usingizi mbovu, njaa, na kushindwa kutuliza akili. Shule ilimpeleka mtoto nyumbani akapitie kilele hicho bila mtu mzima, bila maelezo, bila kazi ya kufanya, kisha ikamngojea arudi akiwa amejifunza. Kama adhabu, inaeleweka. Ila hakuna aliyeketi akauliza inatibu nini.

Siku ya pili K. alikwenda kwenye kibanda karibu na nyumbani kutafuta chochote. Muuzaji akampa kikopo cha vifuko vya nikotini, vile vidogo vyeupe vinavyowekwa kati ya mdomo wa juu na ufizi. “Alisema hii haitoi moshi, mwalimu hawezi jua.” Baadaye akawa anauziwa kimoja kimoja, kwa bei isiyozidi nauli ya safari moja ya matatu. Sheria hiyo ya 2007 inataka sigara ziuzwe katika pakiti isiyopungua sigara 10, lakini yeyote anayepita kwenye vibanda vya Nairobi anajua kwamba uuzaji wa moja moja haujakoma, na vifuko vimerithi desturi hiyo.

Wiki mbili zikaisha, K. akarudi shuleni na kifuko mdomoni. Harufu yake ilikuwa minti, kama ya bigijii. Alipitia misako ya muhula wa pili akiwa nacho. Begi likapekuliwa, mifuko ya suruali ikageuzwa nje, na mwalimu wa zamu akampongeza kwa kubadilika.

Vifuko hivi vina historia yake hapa Kenya, na si ndefu. Lyft, chapa ya kampuni ya tumbaku ya BAT, ilianza kuuzwa nchini mwaka 2019. Oktoba 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema usajili wake haukufuata sheria, na mauzo yakasimama. Mwaka 2022 bidhaa ikarudi sokoni kwa jina la Velo. Tangu hapo zimeingia chapa nyingine, na ile aliyouziwa K. sitaitaja. Kisheria ubishi umekuwa ni kama kitu kisicho na jani la tumbaku ndani yake kihesabiwe tumbaku au la. Mswada uliopelekwa Seneti mwaka 2024 kurekebisha sheria ya 2007 ulilenga pengo hilo, kwa kuzitaja wazi sigara za kielektroniki na vifuko. Yule muuzaji wa kibanda hakuwa anangoja tafsiri ya mawakili.

Kimwili, kifuko hufanya kazi tofauti na vepu. Nikotini hupenya kwenye ufizi polepole na kiwango chake kwenye damu hupanda kwa muda wa nusu saa au zaidi, si kwa sekunde. Mpigo ule wa haraka haupo. Lakini kifuko kinaweza kukaa mdomoni dakika 20, 40, hata saa nzima, darasani, kanisani, mezani na mama. K. aliniambia kwamba vepu ilikuwa na ratiba, kwa sababu ilimlazimu kujificha. Kifuko hakikuwa na ratiba. Ile ruhusa ya kutoka kabla ya saa nne ilikuwa ya kubadilisha kilichoisha nguvu.

Tulichopima

Nilianza na maswali 10 yaliyotayarishwa na Joseph DiFranza na wenzake huko Massachusetts, ambayo huchunguza kama mtu amepoteza uhuru wake mbele ya nikotini: umewahi kujaribu kuacha ukashindwa, unahisi unahitaji sana, inakuwa vigumu kuzingatia jambo ukikosa, unakuwa mwepesi wa hasira. Jibu moja la ndiyo tayari ni ishara. Yaliandikwa kwa wavuta sigara, kwa hiyo tuliyauliza kwa kutaja vepu na vifuko. K. alijibu ndiyo kwa mengi, bila kubabaika, kisha akaongeza kwa fahari kidogo, “Lakini mimi sijawahi vuta fegi, madam.” Alikuwa anasema kweli. Fomu ya afya ya shule, inayojazwa kila Januari, ilikuwa inauliza kuhusu sigara, pombe na bangi tu. K. aliijaza miaka yote mitatu bila kudanganya.

Mwalimu mkuu alipopata habari alipendekeza kidato chote cha tatu kipimwe mkojo. Nilikataa, na ningekataa tena. Si kwamba kipimo hakipo. Mwili hugeuza nikotini kuwa kotinini, ambayo nusu yake huchukua takriban saa 16 kuondoka, kwa hiyo huonekana kwenye mate au mkojo siku kadhaa baada ya matumizi. Kotinini haijali kama nikotini ilitoka kwenye moshi, mvuke au kifuko, na kwa mtafiti huo ni uzuri mkubwa. Ingekuwapo muhula wa pili, ingeona kile ambacho msako haukuona. Lakini mtoto anayelala chumba kimoja na baba mvuta sigara anaweza kuwa na kiasi kidogo pia, na ukiwa na shule inayofukuza, kiasi hicho kidogo kinaweza kumwondoa asiyehusika. Zaidi ya hayo, kipimo kinachofanywa kwa nguvu kinaua maswali yote yatakayofuata. Ukishawapima hivyo mara moja, hakuna mwanafunzi wa shule hiyo atakayekujibu ukweli tena hadi amalize kidato cha nne.

Takwimu zinasema nini kuhusu mtu kama K.

Zinasema machache. Utafiti wa kimataifa wa tumbaku kwa vijana uliofanywa katika shule za Kenya mwaka 2013 uliwahoji wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, ukakuta asilimia 9.9 walikuwa wanatumia tumbaku ya aina fulani, wavulana asilimia 12.8 na wasichana 6.7. Bado takwimu hizo zinanukuliwa kwenye warsha za hoteli za Nairobi kana kwamba ni za jana. K. ana miaka 16, kwa hiyo angekuwa nje ya rika lililohojiwa. Na vifuko anavyotumia vilikuwa havijaingia nchini. Utafiti wa DaYTA, uliobuniwa kwa ajili ya vijana wa miaka 10 hadi 17 katika Kenya, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulitokana kwa sehemu na upungufu wa namna hiyo.

Linganisha na Marekani, ambako wanafunzi huhojiwa karibu kila mwaka. Mwaka 2019, asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari ya juu walisema wametumia vepu katika siku 30 zilizopita. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 7.8. Mtu mwenye mashaka atauliza swali ambalo bodi ya shule ya K. haikuuliza: wamekwenda wapi? Huko swali hilo lina pa kujibiwa, kwa sababu kila bidhaa huulizwa peke yake. Mwaka huo wa 2024, ukichanganya sekondari ya chini na ya juu, vepu zilikuwa asilimia 5.9, vifuko 1.8, sigara 1.4. Vifuko vipo, ila havikumeza pengo lote lililoachwa na vepu. Mtu anaweza kupinga hesabu hiyo, lakini ana kitu cha kupinga. Shule ya K. ilikuwa na droo.

Mama K. alikuwa na maswali mawili makubwa. La kwanza lilitokana na video iliyozunguka WhatsApp ya mapafu yaliyoharibika. Nilimweleza kwamba Marekani, kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na vepu, 68 kati yao wakiwa ndio waliofariki, na kwamba mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E iliyowekwa kwenye vimiminika vya bangi. Hiyo si hatari iliyokuwa mbele ya mwanawe. Akashusha pumzi, kisha akauliza kama basi hivyo vifuko si kama peremende tu. Watu wazima huruka haraka kutoka hofu moja hadi utulivu mmoja, na biashara hii inaishi katikati ya hivyo viwili. Nilimwambia peremende haimwamshi mtoto saa kumi usiku.

La pili: ataishia kwenye sigara? Uchambuzi wa tafiti tisa uliochapishwa mwaka 2017 na Samir Soneji na wenzake ulikuta kwamba miongoni mwa vijana waliokuwa wamejaribu vepu, asilimia 30.4 walianza sigara baadaye, dhidi ya 7.9 kwa wale ambao hawakujaribu. Ni tofauti kubwa. Hata hivyo kijana anayejaribu vepu mara nyingi anatofautiana na mwenzake kwa mambo mengine pia, marafiki, nyumba, moyo wa kujaribu vitu, na watafiti wanapoyaondoa hayo kwenye hesabu tofauti hupungua bila kwisha. Sikumpa mama asilimia. Nilimwambia mwanawe tayari amehama mara moja, na hakuhama kwa kupenda moshi. Alihama kwa sababu mlango mmoja ulifungwa.

Mpango

Tiba kwa vijana ni eneo lenye ushahidi mchanga. Dawa za kuacha zilipimwa zaidi kwa watu wazima. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2025 liliwapa vijana wa miaka 16 hadi 25 vareniklini, dawa ya kusaidia kuacha nikotini, pamoja na ushauri wa kila wiki. Wiki 12 baadaye asilimia 51 walikuwa wameacha vepu, dhidi ya asilimia 14 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Linatia moyo, lakini ni la watu 261, wanaofuatiliwa kwa karibu kuliko kliniki zetu zinavyoweza. Daktari tuliyempeleka K. aliona dawa isubiri. Kilichotuvutia zaidi kilikuwa kitu cha bei nafuu: jaribio la mwaka 2024 la ujumbe mfupi wa simu kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, ambapo miezi saba baadaye asilimia 37.8 ya waliopokea ujumbe walikuwa wameacha, na asilimia 28.0 ya wasioupokea. Tofauti ya karibu pointi kumi kwa gharama ya meseji.

Hatukuwa na programu hiyo, basi tukatengeneza ya mkono. Mwalimu wa ushauri alimtumia K. ujumbe kwa nyakati tatu alizotaja mwenyewe kuwa ngumu: asubuhi kwenye steji, kabla ya saa nne, na jioni mama akiwa hajarudi. Tulipunguza vifuko kwa hatua, tukaweka tarehe ya kuacha baada ya mitihani ya kati. Alipewa namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, isiyolipishwa, akasema hataipiga, na ninavyojua hakuipiga. Shule ilikubali jambo moja kwa shingo upande: akiwaka darasani atoke dakika tano kunywa maji, bila kuandikwa kwenye rejista.

Tarehe ilivunjika. Alirudi kwenye vifuko wiki ya hisabati na kemia, akamwambia mwalimu mwenyewe, jambo ambalo muhula wa kwanza lisingetokea. Tukaweka tarehe nyingine. Miezi mitatu baada ya mazungumzo ya kwanza, siku za shule alikuwa hatumii. Wikendi akiwa na binamu alikuwa anatumia vepu. Binamu huyo, aliyekwisha timiza miaka 18, hakuna sheria wala mwalimu anayemfikia, na kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa ufunguo wa kisa chote. Mama K. ndiye aliyejitolea kwenda kuzungumza na mama wa binamu, ambaye ni dadake mkubwa. Mambo ya dada kwa dada sikuyaingilia.

Kwa upande wa shule, fomu ya Januari imebadilishwa. Sasa inauliza kila bidhaa kivyake, vepu, vifuko, sigara, ugoro, kuber (tumbaku isiyo na moshi), shisha, kwa siku 30 zilizopita, na inauliza mwanafunzi anaitumia muda gani baada ya kuamka. Naibu alitaka jina liandikwe juu ya karatasi ili wanaohitaji msaada wapatikane. Mwalimu wa ushauri alisema jina likiandikwa, wote watajibu hapana. Walibishana mbele yangu, kila mmoja akiwa na hoja. Mwishowe walikubaliana kwamba fomu iwe bila jina, ijazwe mbele ya mtu asiye mwalimu wa shule hiyo, na kwenye karatasi ya pembeni aandike jina lake anayetaka kuonana na mshauri. Ni nani atakayekaa na karatasi hizo za pembeni, ofisi ya nidhamu au ya ushauri, bado hawajaelewana.